Nimekulia kwenye papasi, chanjo ya kupe wa Ulaya ya nini?

MrinaAsali (Sikonge)
Wakuu, salaam. Nimepata mafunzo ya misitu Austria, jimbo la Steiermark. Barua inataka tuchanjwe dhidi ya homa ya ubongo inayoenezwa na kupe. Mimi nimelala nyumba ya udongo, papasi, wale kupe wa ndani ya nyumba, wametunyonya tangu tunatambaa, na nikitoka kukagua mizinga nang'oa kupe mapajani. Mgeni akilala kwetu homa ya papasi inamlaza. Sisi tunatetemeka kidogo, kesho tuko porini. Damu hii nayo inataka sindano? Bei yenyewe si ya kitoto.

BwanaMifugo (Nzega)
Ndama akipona ndigana kali, ule ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, anakuwa sugu, lakini sugu wa ndigana tu. Hata hapo, vijidudu vya aina nyingine ya ndigana hiyohiyo vinaweza kumwangusha, ndiyo maana chanjo yake imechanganywa aina tatu. Sasa wewe unataka papasi wa Sikonge akukinge Austria?

NesiUjiji
Mdogo wangu, homa ya papasi ni bakteria, doksisaiklini inaimaliza. Ya huko ni kirusi, hakina dawa ya kukiua, na huku kwetu hakipo, kwa hiyo mwili wako haukijui kabisa. Papasi anakufyonza usiku na kurudi kwenye ufa wa ukuta. Yule wa huko anakungoja majanini mchana kweupe. Kirusi kimo kwenye mate yake, kinaingia ndani ya dakika chache tu, hivyo ujuzi wako wa kung'oa hautakufaa sana. Waaustria waliozaliwa hapohapo wanachanjwa, kampeni yao ni ya tangu 1981. Maziwa mabichi ya mbuzi nayo usiguse, yanaambukiza.

MrinaAsali
Shikamoo mama. Naondoka Machi. Dozi ngapi?

NesiUjiji
Marahaba. Tatu. Ya pili mwezi mmoja hadi mitatu baada ya ya kwanza, ya tatu kabla mwaka haujapita. Ukiwa na haraka, ya pili inaweza kutolewa baada ya siku 14. Kupe wa huko wanaamka baridi ikipungua, yaani wakati huohuo unaofika. Waandikie wenyeji wako leo wakupangie ya kwanza wiki ya kufika, na uwaulize nani analipa. Usiingie msituni kwanza.

BwanaMifugo (Nzega)
Na suruali uchomeke kwenye soksi. Hilo halina bei.