Kidonge cha Livermore: umeme wa kesho au kazi ya mabomu?

Kipima Maji
Wakuu, jana nimebishana na jamaa mpaka chai ikapoa. Anasema Wamarekani walishamaliza kazi ya fyusheni, yaani kuunganisha viini vya atomi ili vitoe nishati, pale maabara ya Livermore, California, tarehe 5 Desemba 2022: leza ziliingiza megajuli 2.05, zikatoka 3.15. Eti kilichobaki ni kujenga mitambo tu.

Namba zake ni sahihi, hesabu ndiyo mbovu. Zipeleke kwenye LUKU: yuniti moja ni megajuli 3.6, kwa hiyo ushindi wote ule haukufika yuniti moja. Unachemsha ndoo ya lita kumi, basi. Na ili leza 192 ziwake, mtambo ulivuta kwenye gridi megajuli kama 300, yaani yuniti 83.

Halafu NIF, yaani mtambo wenyewe wa leza pale Livermore, haikujengwa kwa ajili ya umeme. Marekani iliacha majaribio ya kulipua mabomu ya nyuklia mwaka 1992, ikataka mahali pa kuchunguza silaha zake bila kuzilipua. Kwa nini tunauziwa kama nishati safi?

Fundi wa Zamu
Mkuu, ya LUKU nimecheka na nimekubali. Ila leza zile ni ufundi wa miaka ya tisini, hakuna aliyezibuni kwa kubana matumizi. Swali gumu, tangu John Nuckolls na wenzake walipochapisha wazo hili la kuwasha fyusheni kwa leza mwaka 1972, lilikuwa kwenye kidonge cha fueli: kinaweza kufinywa sawasawa mpaka kiwake chenyewe?

Kidonge ni tufe la almasi, kipenyo chake milimita 2 hivi, na ukuta wake kwa ndani una barafu ya deuteriamu na tritiamu, aina mbili za hidrojeni nzito, ndiyo fueli yenyewe. Kinakaa katikati ya kopo dogo lenye dhahabu. Leza hazikigusi. Zinapiga kuta za kopo, kuta zinatoa eksirei, eksirei zinaunguza ngozi ya almasi. Ngozi ikifumuka kwenda nje, kilichobaki kinasukumwa ndani kwa kasi ya karibu kilomita 400 kwa sekunde.

Sasa finya tonge la ugali kiganjani. Linatokea wapi? Kati ya vidole. Kidonge nacho ndivyo: upande mmoja ukisukumwa zaidi kidogo, kinakuwa chapati badala ya tufe, na joto halikusanyiki katikati. Kuna na tatizo la pili, kitu kizito kukalia chepesi. Mimina maji yenye rangi juu ya mafuta ya kupikia uone yanavyochoma vidole kushuka chini. Kidonge chenye kishimo usichokiona kwa macho huota vidole hivyohivyo, almasi ikaingia kwenye fueli na kuipoza. Hata kijibomba cha kujazia fueli, chembamba kuliko unywele, kinaacha alama.

Septemba 2022 walipiga kwa megajuli zilezile 2.05 wakapata 1.2 tu, kwa sababu kidonge hakikubanwa sawa. Wakagawa upya nguvu kati ya miali, na Desemba kikawaka. Huo si ushindi wa kupuuzwa.

Kipima Maji
Basi umenisaidia! Agosti 2021 walipata megajuli 1.3, dunia ikapiga makofi. Wakarudia kwa mpango uleule, wala hawakuifikia. Kasoro za kidonge, walisema. Mtambo wa umeme unahitaji kupiga kama mara 10 kwa sekunde. Hivyo ni vidonge 864,000 kwa siku, na kila kimoja kisiwe na doa. Nani anavitengeneza?

Fundi wa Zamu
Ndiyo maana wakanenepesha ukuta wa kidonge, ili kivumilie madoa. Na Julai 2023 walirudia kwa leza ileile wakapata 3.88. Kwa hiyo si bahati tena. Vya 864,000 sina jibu, nakuachia goli hilo.

Mama Tausi
Mnabishania vitu viwili kwa jina moja. Anayechunguza silaha anatosheka na pigo moja zuri lenye vipimo vya kutosha. Anayetaka umeme anahitaji yanayofuata yafanane nalo, usiku na mchana, kwa bei ya senti. Fedha za NIF zinamlipia yule wa kwanza. Wa pili anaokota makombo. Fundi, makombo hayo yanatosha? Kwa kuwa hapo ndipo mimi nakwama.

Fundi wa Zamu
Kwa bajeti ya sasa, hapana.