Hati ni yetu, nyumba ni zao: nitawafunzaje majirani habari za ardhi?

Mwalimu wa Kisauni

Assalam aleikum, na hamjambo nyote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Kisauni. Familia yetu ina ploti yenye nyumba 38, na hata moja si yetu. Majirani walijenga wenyewe kwa fito, udongo na mabati, ardhi ni yetu kwa hati, nao hutulipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Aliyekulia Mombasa anaujua mpango huu wa nyumba bila ardhi.

Kina mama wa chama cha mtaani wameniomba niwafunze mambo ya ardhi, Jumapili nne mfululizo. Nilikubali, kisha nikakosa usingizi.

Nilipokuwa na miaka 11, jirani yetu mmoja, mamake mwanafunzi mwenzangu, alikuja barazani kumwomba marehemu baba ruhusa ya kujenga kwa mawe. Alikuwa ameshanunua mawe mia mbili, kidogo kidogo, kwa pesa za mahamri. Baba alimkatalia kwa upole. Alisema nyumba ya mawe haing'oki, na mwenye nyumba isiyong'oka siku moja atadai na kiwanja. Yale mawe yalibaki nyuma ya nyumba yake mpaka mvua ikayageuza meusi. Mwaka huohuo baba aliweka hati rehani benki, akanunua gari la matatu. Karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye matatu hiyo na kwenye kodi ya majirani. Mtoto wa yule mama, aliyekuwa akinipita hesabu kila muhula, aliacha shule kidato cha pili. Mamake angekopa wapi? Hakuna benki inayopokea nyumba ya udongo iliyo juu ya ardhi ya mtu mwingine.

Sitaki kufunza sheria huku hayo nimeyaficha. Nataka nianzie 1908, ilipokuja sheria ya kuwataka watu wa pwani wapeleke madai yao ya ardhi kwa msajili wa hati, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya Mwingereza. Utumwa huku kwetu ulikuwa umefutwa 1907, mwaka mmoja tu kabla. Mtu aliyetoka utumwani juzi, hana barua wala shahidi wa kusikilizwa, angedai nini? Mzee wetu alijua kusoma, alijuana na karani, akaandikisha. Tofauti yetu na majirani ilianzia hapo.

Ami zangu wanasema naibomoa nyumba ya baba yangu. Wapangaji wengine wanashuku ni mbinu ya kuwapandishia kodi. Nianzie wapi?

Fundi wa Makuti, Kilifi

Mwalimu, usianzie 1908. Mimi Mgiriama, babu yangu alipanda minazi na mikorosho palepale ambapo leo naitwa skwota, kwa hivyo 1908 inaniuma. Lakini ukinianzishia hapo nitalia tu, nirudi nyumbani mikono mitupu. Kwetu alikuja kijana mmoja akasema kila mtu alete karatasi yoyote aliyo nayo. Watu wakasema sisi hatuna karatasi. Siku ya mkutano wakaja na risiti, kadi za kliniki za watoto zenye jina la kijiji, barua za chifu, maandishi ya minazi iliyowekwa rehani, maana kwetu mnazi una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Meza ikajaa. Watu walipoona hivyo ndipo walipoketi kusikiliza. 1908 waambie siku ya pili.

Msaidizi wa Sheria, Likoni

Dada yangu, jiandae kuulizwa kuhusu miaka 12. Sheria inampa mtu aliyekaa kwenye ardhi ya mtu binafsi miaka 12 mfululizo, waziwazi, bila ruhusa na bila kutumia nguvu, nafasi ya kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi kuomba iwe yake. Ardhi ya serikali haimo. Neno la kukazia ni "bila ruhusa". Anayelipa kodi anakaa kwa ruhusa, kwa hivyo miaka yake haihesabiwi hata ikiwa sitini. Kuna madalali wanaowaambia wapangaji waache kulipa, miaka itajihesabu, kisha wanawachangisha pesa za wakili. Nimeziona familia tatu zikipoteza nyumba kwa ushauri huo. Tafadhali waeleze wasiudharau mwezi hata mmoja, na risiti waitunze.

Waambie pia kwamba hata mtu anayedaiwa kukaa kwenye ardhi ya mwenyewe bila idhini, lazima apewe notisi ya maandishi isiyopungua miezi 3, na ana haki ya kwenda mahakamani kuipinga. Kuja na tingatinga alfajiri ni kuvunja sheria.

Halafu tazama majina kwenye risiti zenu. Huku mume amefariki miaka 20, risiti bado inaandikwa jina lake. Siku ya fidia mjane anaambiwa yeye si mpangaji.

Mjukuu wa Changamwe

Mwalimu, nasema kwa heshima. Na sisi tuna ploti. Tunatoza shilingi 300 kwa nyumba, wengine hawajalipa tangu korona, na kaunti inatudai kodi yake ya ardhi kila mwaka pamoja na riba. Mama yangu anauza viazi karai. Ukisimama mbele za watu useme sisi ndio tuliopendelewa, kesho nani atalipa?

Mwalimu wa Kisauni

Kaka, hilo ni kweli na nimewaeleza. Sisi pia tunatoza 300, na wote wakilipa ni 136,800 kwa mwaka, kabla ya kuilipa kaunti na kugawana ndugu. Lakini mamako akikwama kabisa ana kitu cha kuuza au kuweka rehani. Yule mama wa mawe hana.

Jumapili ya kwanza imepita. Nilimsikiliza fundi, nikaomba karatasi. Walikuja 21. Risiti kongwe ilikuwa ya 1969, shilingi 6, sahihi ya babu. Risiti 14 zina majina ya marehemu, na tumeanza kuziandika upya, wajane kwanza. Kisha nikasimulia habari ya mawe, mwenyewe akiwa ameketi mbele. Hakusema neno mpaka tulipomaliza, akanishika mkono. "Yale niliyauza, mwanangu. Nilinunua yunifomu."

Akaniuliza kama sasa anaweza kujenga. Sikuwa na jibu, kwa sababu hati bado iko kwa jina la baba, miaka tisa tangu afariki, na mirathi hatujaifanya. Ruhusa yangu peke yangu haina nguvu. Jumanne nakwenda Mahakama ya Kadhi na dada zangu wawili, na ami mdogo amekubali kuja kutoa ushahidi. Nimemwambia mama asinunue kitu bado. Amesema bei ameshaanza kuulizia.