Tupeane uzoefu: nani anakushika mkono usiache kuketi?

Wapendwa, leo tuzungumzie kuketi kutafakari kila siku, mwezi baada ya mwezi, ukiwa pengine peke yako mtaani unayefanya hivyo. Mafundisho ya pumzi si marefu. Unaketi, unaijua pumzi ikiingia, unaijua ikitoka, akili ikitoroka unairudisha. Kazi iko kesho, na kesho kutwa, mtoto ana homa na mvua ya usiku imeingiza maji kwenye ploti.

Mimi niko Migosi, Kisumu. Nilianza 2019, na kwa miaka miwili nilikuwa wa kuketi wiki mbili, kuacha mwezi. Aliyenitengeneza ni dada mmoja wa Nakuru ambaye mpaka leo tumeonana ana kwa ana mara tatu tu. Tulikubaliana hivi: anayeamka kwanza anapiga simu, inaita mara mbili, anakata. Mwenzake naye anajibu vivyo hivyo. Hakuna salamu wala senti inayotoka. Saa 11 alfajiri simu inatetemeka juu ya stuli, nami najua kuna mtu ng'ambo ya Mau ambaye ameshakunja shuka na kuketi. Basi miguu inashuka kitandani yenyewe.

Mwaka jana alifiwa na baba yake. Siku nane simu haikuita. Kila asubuhi nilianza na metta, yaani kumtakia mtu mema kimoyomoyo, nikimtakia utulivu yeye na nyumba yao, ndipo nikaja kwa pumzi. Siku ya tisa, saa 11 na dakika 4, simu iliita mara mbili.

Ananda, mwanafunzi wa Buddha, alipomwambia mwalimu wake kuwa urafiki mwema ni nusu ya maisha haya matakatifu, Buddha alimkataza asiseme hivyo: ni maisha yote. Zamani nilidhani ni maneno ya kutia moyo tu. Leteni yenu.

Fundi mbao, Kaptembwo, Nakuru

Asante kwa kufungua hili. Mimi nilifanya kozi ya siku 10, ile ya tafakuri ya vipassana kwa mtindo wa mwalimu Goenka. Kengele saa 10 alfajiri, hakuna kuongea, hakuna simu, na hutozwi kitu. Ukimaliza unatoa unachoweza ili mwingine naye apate nafasi. Nilitoka nikiwa mwepesi kama pamba. Tuliambiwa nyumbani tuketi dakika 60 asubuhi, dakika 60 jioni, na mara moja kwa wiki tuketi pamoja na wenzetu. Hilo la mwisho nililipuuza. Wiki ya tatu nilikuwa nimeacha kabisa, na niliona aibu hata kumwambia mtu.

Sasa tuko watatu: mimi, mwenye duka la spea, na mwalimu wa chekechea anayetoka Lanet. Jumapili saa 10 jioni tunakutana kwenye karakana yangu. Hakuna kiongozi. Tunaweka saa dakika 40, tunanyamaza, halafu chai.

Magoti yangu hayakunjiki vizuri tangu nianguke kutoka kwenye paa, kwa hiyo nilijitengenezea kiti cha kupigia magoti kwa vipande vya saiprasi vilivyobaki kwenye kabati la mteja. Ubao wa kukalia ni sentimita 45 kwa 18. Miguu miwili ya ubao nikaikata juu kwa mshazari: nyuma sentimita 19, mbele 16. Huo mwinamo ndio siri yake. Ukikosekana mgongo unapinda, na baada ya dakika 10 unawaza kiuno tu. Unapiga magoti, miguu inapita chini ya ubao, unakalia. Mwalimu alipokikalia mara ya kwanza hakusema kitu, lakini saa ilipolia hakuinuka. Nikawatengenezea na wao.

Wenzangu hawanilaumu nikisema wiki hii nimeteleza. Huuliza tu: ilikuwa siku gani? Baada ya miezi mitatu niliona ni Ijumaa kila mara, siku ya kulipa vijana, pesa ikiwa haijafika na simu za wateja hazipokelewi. Peke yangu nisingeligundua hilo. Siku hizi mwenye spea hunipitia Ijumaa jioni, tunaketi dakika 20 kabla sijafunga.

Muuguzi, Kakamega

Kwangu adui ni usingizi. Nikitoka zamu ya usiku nikafumba macho, nimekwenda. Nilikuwa najiona sifai, mpaka rafiki aliyenitangulia katika njia hii aliponisimulia habari za Moggallana, mmoja wa wanafunzi wakuu wa Buddha, naye alikuwa akisinzia. Buddha hakumkemea. Alimpa mambo ya kujaribu moja baada ya jingine: vuta masikio, sugua mikono na miguu, nawa macho, tazama nyota, tembea huku na huku. Yote yakishindwa, lala kwa ubavu wa kulia ukiwa na nia ya kuamka.

Basi mimi hutembea, kutoka geti mpaka mwembe, hatua 22, kisha nageuka. Soja wa ploti aliniuliza ninaomba nini. Nikamweleza, baba, naangalia tu mguu unaoinuka na unaokanyaga. Hakusema zaidi. Lakini siku hizi nikifika asubuhi nakuta ameshaondoa ndoo na baiskeli njiani.

Mama watatu, Kondele

Mama mkwe wangu ni Msabato wa damu. Aliponikuta nimeketi aliuliza, "Mwanangu, hiyo ni dini gani tena?" Nikamjibu, "Mama, naketi ili nisiwapigie watoto kelele." Alinyamaza, na nilijua hajaridhika. Sikubishana naye. Mwezi wa nne hivi, jioni moja nikiwa nimefoka juu ya maziwa yaliyomwagika, alinipokonya kitambaa mkononi: "Nenda ukaketi. Hawa niachie." Akafunga mlango mwenyewe.

Kijana wa Nyalenda

Naomba nitofautiane kidogo. Nilikuwa kwenye kundi ambako kila mtu alitangaza siku ngapi hajakosa. Nilifika siku ya 90 na kitu nikaugua malaria. Nilipopona niliona kama sina uso wa kurudi, nikapotea karibu mwaka. Kuhesabu kulinifanya nikae kwa ajili ya hesabu. Sasa nina mtu mmoja tu, mzee wa mtaani. Tukikutana huniuliza, "Moyo umelalaje?" Hilo linanitosha.

Mgeni, Bungoma

Shikamooni nyote. Nimesoma yote. Nina wiki mbili tu, dakika 10, naketi kwenye gunia la mahindi stoo kwa kuwa nyumbani hakuna kona nyingine. Jana na leo sikuketi. Huku sijui mtu hata mmoja anayefanya hivi.

Migosi

Marahaba, mdogo wangu. Gunia la mahindi ni zuri, likunje upande wa mbele uwe chini kidogo, kama alivyosema Fundi. Nitumie namba yako faraghani. Kesho saa 11 itaita mara mbili. Usipokee.