Tupeane uzoefu: kitu kilichokuuma kukipoteza ndani ya mgodi wa gemu la kompyuta la Torchlight

MwanaLangoni (Lamu)
Assalamu aleikum ndugu zangu. Juzi mdogo wangu kaniamsha saa tano usiku, sauti imemkauka, nikadhani kuna msiba. Kumbe upanga wake umefutwa nguvu zote kwa yule mtia nguvu silaha pale mjini. Nikakaa naye hadi akalala, maana yalishanipata.

Kwa wasioijua: Torchlight ilitoka mwaka 2009, imetengenezwa na Runic Games, kampuni ndogo ya Seattle, Marekani. Unashuka mgodini ngazi kwa ngazi, unapigana, unaokota. Ni nyepesi, hata laptopu yangu kuukuu inaibeba.

Sasa yule mtia nguvu unamlipa dhahabu, naye huongeza sifa kwenye silaha. Kadiri unavyorudia ndivyo hatari inavyopanda ya kuifuta yote. Upanga wangu ulipata moto, ukapata kasi, ukapata sumu. Nikasema mara moja tu. Nikabofya, nikaupeleka mshale wa kipanya juu yake: mistari yote ya sifa imeondoka, limebaki jina na chuma kitupu. Mzee wangu ni mchonga milango, na siku ile alikuwa kibarazani na ubao wa mbambakofi. Nilipomsimulia hakucheka. Alinionyesha ua alilokuwa amelikata jana yake, akasema angepitisha patasi mara moja zaidi petali lingevunjika. Mpaka leo silaha yangu ikifika sifa tatu naiacha.

Nyinyi je? Semeni, mdogo wangu anasoma.

BintShela
Waaleikum salaam kaka. Mimi nilimpoteza mhusika mzima. Nilikuwa nacheza ile hali ngumu ambayo ukifa ndiyo basi, hakuna kufufuka. Kwenye gemu unafuatana na mnyama wako, na wangu nilimchagua paka, kwa sababu Lamu bila paka siielewi. Mfuko ulijaa, nikampa paka mizigo yote akauze mjini. (Huku kwetu mzigo hubeba punda, lakini nilizoea.) Kosa langu nilimtuma huku mlango wa chumba cha mbele sijaufungua. Nikaufungua. Mifupa ikatoka pande zote, na paka ndiye aliyekuwa akiwavuta adui upande wake siku zote. Nikanywa dawa ya mwisho, haikutosha. Alikuwa leveli ya 23.

Dada zangu, kabla ya kumtuma mnyama, hakikisha chumba ulichosimama ni kitupu na cha mbele hukigusi hadi arudi.

Nahodha wa Malindi
Mimi nilikuwa nachezea saiba, sina kompyuta. Nimevua tangu utotoni, na kilichonivutia kwenye gemu hili ni kuvua: unakuta shimo la maji humo humo chini, duara linasinyaa, unabofya likifika katikati. Samaki unamlisha mnyama wako anageuka kiumbe kingine, wengine kwa muda, wengine moja kwa moja. Msimu wa kusi bahari ikichafuka na mashua ziko juu, ndio muda wangu.

Nilimaliza hadithi, nikamuua Ordrak, adui mkuu wa mwisho. Ukifika hapo unaweza kumstaafisha mhusika, akamwachia mrithi wake kitu kimoja, na hicho kitu kinaongezeka nguvu. Nilishachagua pete. Nikasema nitafanya kesho, baada ya kutoka baharini. Nilikaa siku nne. Kurudi, mashine ilikuwa imesumbua ikafomatiwa, na kila kitu kilikuwa humo. Sikumlaumu mtu, hakuna aliyejua. Ila ile pete naikumbuka hadi rangi yake.

MwanaLangoni
Pole sana nahodha. Mdogo wangu ameshanakili folda yake kwenye flashi sasa hivi, baada ya kukusoma.

Mkomani Kati
Langu ni la Torchlight II, ile ya 2012 ya watu hadi sita. Ilikuwa inakubali kuunganishwa kwa kebo na ruta bila intaneti, na hilo ndilo lililotuokoa. Ramadhani ile, baada ya tarawehe, tulikuwa wanne na laptopu nne juu ya mkeka, kahawa na tende katikati. Mmoja wetu alicheza Mhandisi, akisimama mbele anakinga, sisi tunapiga nyuma yake. Tulimzoea mpaka tukawa hatuangalii damu yetu.

Baadaye alipata kazi Doha. Mwaka 2017 Runic nayo ikafungwa, lakini gemu bado linafunguka. Mwezi uliopita tulikaa watatu tukajaribu pango lile lile. Tuliingia mlangoni tukasimama, kila mtu akimngoja mwenzake atangulie.

Nimempigia usiku ule ule. Amesema mhusika wake bado anaye, na likizo yake ni Desemba. Ruta nimeshaitoa kabatini.