Taa ya filta ya masizi haitulii kwenye lori la mizigo ya mjini: inajisafisha yenyewe kweli?

MzigoKkoo
Wakuu habari za leo. Naomba ushauri kuhusu lori la tani 3 la dizeli lililoagizwa Japani. Kazi yake ni kusambaza mzigo Kariakoo, Mbagala na Tegeta: safari fupi, foleni nyingi, na wakati wa kushusha dereva analiacha likiunguruma. Taa ya filta ya ekzosi inapepesa, akibonyeza swichi inatulia, baada ya muda mfupi imerudi. Fundi mmoja anasema filta hizi hujisafisha zenyewe barabarani. Mwingine anataka aikate, atoe kilichomo ndani, achomelee bomba tupu. Inajisafishaje, na kwa nini hii haimalizi kazi?

NozeliNaPampu
Mkuu, fundi wa kwanza yuko sahihi nusu. Inajisafisha, ila kwa joto, na joto ndilo linalokosekana kwenye mizunguko ya lori lako.

Ndani ya lile kopo la kwenye bomba la ekzosi kuna vitu viwili vimefuatana. Mbele katalisti (kipande kinachosaidia gesi na mafuta kuungua), nyuma yake filta yenyewe: kauri yenye vijitundu vingi vilivyo sambamba, kimoja kimezibwa mwanzoni, jirani yake kimezibwa mwishoni. Moshi hauna njia ila kupenya ukutani, na masizi yanabaki pale.

Masizi hayo huondoka kwa namna mbili. Ya kwanza huioni. Lori likiwa na mzigo kwenye barabara ndefu, moshi ukafika nyuzi 250 hadi 400, katalisti inageuza NO ya kwenye moshi (gesi ya nitrojeni na oksijeni) kuwa NO2 yenye oksijeni zaidi, na hiyo NO2 inayachoma masizi polepole bila taa, bila harufu. Lori linalopanda mlima Kitonga na mzigo linajisafisha hivyo lenyewe, dereva hana habari. Kwenye foleni ya Barabara ya Mandela moshi unacheza nyuzi 150 hadi 200 tu. Hapo filta inapokea, haitoi.

Ya pili inaamuliwa na kompyuta. Kuna sensa inayopima tofauti ya mgandamizo kabla na baada ya filta. Kompyuta ikiona masizi yamefika kiwango chake, inaingiza dizeli ya ziada, ama kwa nozeli za injini kufungua tena kwa kuchelewa, ama kwa nozeli ndogo iliyofungwa kwenye ekzosi. Dizeli hiyo inaungua kwenye katalisti, joto linapanda hadi nyuzi 550–650, na masizi yanateketea. Huchukua kama dakika 15 hadi 30 gari likiwa linakwenda. Dereva akizima katikati, dizeli imetumika na masizi mengi bado yapo, kazi inaanza upya safari ijayo. Kwa safari za dakika 10 haitaisha milele.

Chesisi_Ndefu
Naongezea kwenye hiyo swichi, maana madereva wengi wanaibonyeza vibaya. Isuzu wameiandika DPD, Hino na Toyota Dyna ni DPR, Fuso Canter ni DPF. Kazi ni ile ile. Kwenye mengi taa ikipepesa taratibu bado una nafasi, ikipepesa haraka tafuta pa kusimama mapema. Ikifuatiwa na taa ya injini na lori kukosa nguvu, swichi haitasaidia tena, itabidi mashine ya fundi ya kusoma kompyuta ya gari.

Injini iwe imeshapata moto. Simama sehemu ya wazi, mbali na nyasi kavu, maturubai na pampu za mafuta, kwa sababu mdomo wa ekzosi utatoa hewa ya moto kweli kweli. Gia nyutro, vuta handbreki, zima PTO (kifaa kinachochukua nguvu ya injini kuendesha pampu au tipa) kama ipo. Bonyeza. Taa itaacha kupepesa na kubaki imewaka, resi zitapanda zenyewe. Usiguse pedali ya mafuta wala klachi, ukigusa inakatika. Resi zikishuka na taa ikazima, imemaliza. Liache liungurume dakika chache ndipo uzime.

Na jambo moja wasilolipenda mabosi: wakati wa kushusha mzigo lizimwe. Kuunguruma nusu saa bila kazi kunajaza masizi kuliko mwendo.

MzigoKkoo
Shukrani sana wakuu. Swali dogo: dereva anasema oili kwenye stiki inapanda badala ya kushuka. Inahusiana?

NozeliNaPampu
Inahusiana sana, na usiliendeshe hivyo. Dizeli inayoingizwa kwa kuchelewa ndani ya silinda, pistoni ikiwa imeshashuka, sehemu yake inalowanisha ukuta na kupita kwenye ringi hadi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini). Uchomaji ukijirudia na kukatizwa, oili inakuwa nyepesi na kiwango kinapanda. Ikivuka alama ya juu, mwaga, weka mpya pamoja na filta ya oili. Usipunguze kidogo tu kwa kunyonya, kwani iliyobaki imeshaharibika na itakula beringi za krenki na za tabo (turbo).

Ila hiyo ni dalili. Kilichosababisha kitafutwe kwa mpangilio huu, kuanzia cha bei nafuu. Kwanza, mipira miwili inayotoka kwenye kopo kwenda kwenye sensa ya mgandamizo. Ichomoe, ipulize, ikunje kwa vidole. Mara nyingi utakuta ufa karibu kabisa na kibanio, au ndani mna tope jeusi la masizi na maji. Kisha washa swichi ya ufunguo bila kuwasha injini na usome sensa kwa mashine: iwe 0. Ikisoma chochote cha maana hapo, sensa inadanganya na kompyuta inachoma filta isiyojaa. Injini ikiunguruma, filta isiyo na ubovu kwa kawaida husoma chini ya 1 kPa.

Pili, themostati. Ikikwama wazi maji hayapati moto, na kompyuta haitaruhusu uchomaji. Tatu, kinachotengeneza masizi mengi: nozeli inayovuja, EGR (vali inayorudisha moshi kwenye injini) iliyokwama wazi, hosi ya intakula (kipoza hewa) iliyochanika, kichujio cha hewa. Nne, joto lenyewe. Soma sensa za kabla na baada ya katalisti wakati inachoma. Ya mbele ikifika 250 na ya nyuma haipandi, ama ile dizeli ya ziada haifiki, ama katalisti imekufa. Kwenye malori yenye nozeli ya ekzosi, nozeli hiyo huziba kwa masizi. Moshi mweupe mzito wa harufu ya dizeli unamaanisha mafuta yanafika ila hayaungui.

Lori lisilo na ubovu hukaa mamia ya kilomita kati ya uchomaji mmoja na mwingine. Mwambie dereva aandike kilomita kila taa inapopepesa. Ikiwa ni chini ya 100, kuna ubovu, si foleni peke yake.

MakanikaMvita
Ndugu, hiyo ya kukata na kutoa iache kabisa. Ukitoa kauri bila kugusa programu, sensa inasoma karibu na sifuri muda wote, kompyuta inajua filta haipo na inapunguza nguvu. Ikiwa bado inahesabu masizi kwa kilomita na mafuta, itaendelea kumwaga dizeli ya ziada kuchoma kisichokuwepo, na hiyo oili yako itazidi kupanda. Juu ya hayo, moshi wote huo mnawapulizia watu sokoni.

Wala usikubali wailoshe kwa pampu ya maji. Maji yanasukuma majivu hadi mwisho wa vijitundu yakaganda kama saruji.

MzigoKkoo
Majivu na masizi si kitu kimoja?

Chesisi_Ndefu
Hapana mkuu. Masizi ni kaboni, yanaungua. Majivu ni kalsiamu, zinki na magnesi kutoka kwenye oili inayoungua kidogo kidogo, hayaungui kwa joto lolote la ekzosi. Hukusanyika kwa laki za kilomita. Kama kila kitu alichotaja NozeliNaPampu ni kizima na mgandamizo bado uko juu mara tu baada ya uchomaji kukamilika, hayo ni majivu. Filta ifunguliwe, iwekewe alama ya mwelekeo, ipimwe uzito, ipulizwe hewa kutokea upande wa kutokea moshi, iokwe kwenye tanuri maalumu, ipulizwe tena, ipimwe tena. Wasipokuonyesha uzito wa kabla na baada, usilipe.

Oili yake ni ya kiwango cha JASO DH-2, au API CJ-4 au CK-4, zenye majivu yaliyowekewa kikomo cha kama asilimia 1. CI-4 iliyojaa madukani haina kikomo hicho. Angalia nyuma ya galoni, usiangalie picha ya lori iliyo mbele. Na dizeli ya kwenye madumu, iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa, usiipe gari hili hata kwa bei ya kutupwa: salfa inaua katalisti, na bila katalisti swichi hiyo mtabonyeza mpaka mchoke.