Kobe analala jikoni, mtoto anaharisha. Kuna uhusiano?

Mama Tupo, Uyole
Habari za jioni wakuu. Mume wangu alikuja na kobe kutoka Usangu mwaka juzi. Mchana anashinda bustanini kwenye majani ya maboga, ila baridi ya Uyole mwezi wa sita mnaijua. Nikamwonea huruma, sasa analala kwenye boksi nyuma ya jiko la mkaa. Juzi kitinda mimba wangu, mwaka mmoja na nusu, kaanza kuharisha na homa. Leo choo kina damu. Zahanati wamempima damu, wakasema taifodi. Jirani anasema ni kobe. Nikamcheka, maana kobe mwenyewe mzima, anakula kuliko mimi. Kama ni kweli, nimpe dawa gani?

Mzee wa Ipogolo
Taifodi ni maji machafu, mama, kobe msimsingizie. Sisi tumekua naye uani. Halafu huyo wa porini, kibali unacho?

Nesi mstaafu, Tukuyu
Mwanangu, jirani hajakosea. Vimelea vya taifodi vinatoka kwa binadamu, hapo Mzee yuko sawa. Ila kobe, mijusi na nyoka wana ndugu za vimelea hivyo, salmonela za aina nyingine, zinaishi utumboni mwao bila kuwaumiza. Ndiyo maana anakula kuliko wewe. Kile kipimo cha damu kinachanganya sana. Kinachotakiwa ni choo kuoteshwa maabara, waone ni kimelea gani kinaota. Damu kwenye choo cha mtoto wa umri huo si ya kusubiri: mpeleke hospitali sasa hivi, ukimpa ORS njiani. Wataje kobe wewe mwenyewe, hawatakuuliza.

Kobe usimpe dawa yoyote. Vimelea havitamalizika, vitajenga usugu tu. Hata mavi yake yakipimwa leo yakawa safi, wiki ijayo anaweza kuvitoa. Marekani tangu 1975 wamekataza kuuza kobe wa maji wenye gamba chini ya inchi 4, maana watoto walikuwa wanawatia mdomoni.

Maji yake unamwekea kwenye nini?

Mama Tupo, Uyole
Beseni la bluu. Mwe! Ndilo namwogeshea mtoto. Lakini huwa nalisuuza.

Nesi mstaafu, Tukuyu
Basi mtoto hata asipomgusa kobe, anamwoga. Hilo beseni limeshakuwa la kobe, lioshee nje, mbali na vyombo. Jikoni piga deki kwa sabuni, kisha jiki. Na usimhamishie kwenye banda la kuku ukadhani umemaliza, kuku nao wanazo.

Mama Tupo, Uyole
Ndaga fijo mama. Tumelazwa, choo kimechukuliwa, majibu bado. Homa imeshuka, uji kanywa nusu kikombe. Kobe yuko stoo ya mbolea kwenye pumba za mpunga. Baba Tupo kapiga simu anauliza nani kaandika KOBE kwenye beseni kwa rangi ya kucha.