Uzi wa baridi ya Juni na Julai: tupeane uzoefu wa kutunza joto ndani ya nyumba kwa hela kidogo

Mwana wa Njombe (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Kwa sisi wa Njombe, Makete, Mufindi na Mbeya, kipupwe ndiyo kimekolea. Asubuhi majani ni meupe kwa umande ulioganda, maji ya bomba hayashikiki, watoto hawataki kutoka kitandani. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda Kitulo unapita 2,500, kwa hiyo baridi tunayo na tutaendelea kuwa nayo. Kinachonisikitisha ni kwamba tunajenga nyumba zilezile zinazojengwa Dar: bati bila silingi, madirisha ya luva, sakafu ya saruji tupu. Ikifika jioni ndipo tunaanza kulitafuta joto kwa hela, na likipatikana linapotea juu kwenye bati.

Naomba kila mmoja aeleze alichofanya kwake kikasaidia. Andika ulichofanya mwenyewe, siyo ulichosikia.

Naanza mimi. Hela ya kupiga silingi nyumba nzima sikuwa nayo, nikapiga chumba kimoja, kile cha watoto. Wanaoishi chini ya bati tupu wanajua ile hali ya alfajiri: usiku usio na mawingu bati linapoa kuliko hata hewa ya nje, mvuke wa pumzi zetu unageuka maji chini yake, halafu unadondokea mablanketi. Unaamka na blanketi lenye unyevu, na blanketi lenye unyevu halina kazi. Tangu silingi iwekwe matone yamekoma, na kile chumba ndicho tunachokaa wote jioni. Vyumba vingine tunafunga milango yake saa kumi na moja. Hicho tu kimepunguza sana mkaa kwangu, kwa sababu watu watano kwenye chumba kidogo kilichofungwa vizuri wanakipasha joto wenyewe.

Fundi wa Mafinga

Mkuu umegusa penyewe. Mimi kazi yangu ni kuezeka, na jambo la kwanza ninalomwambia mteja asiye na hela ya silingi ni aangalie ule uwazi kati ya ukuta na bati. Nyumba nyingi huku umeachwa hivyohivyo, mkono unapita. Upepo unaingia upande mmoja unatokea upande wa pili, hapo hata ukiwasha nini hutapata joto. Huku kwetu, kwa sababu ya msitu wa Sao Hill na viwanda vya mbao, mabanzi yanapatikana kwa bei ndogo. Pigilia mabanzi kwa ndani, ziba nyufa kwa udongo au saruji, kazi ya siku moja.

Mlango nao usiuache. Chukua tyubu kuukuu ya pikipiki, kata kipande cha upana wa vidole vinne, urefu wa mlango. Kipigilie chini ya mlango kwa ndani kiguse sakafu. Kila msumari upitishe kwanza kwenye kizibo cha soda, la sivyo kichwa cha msumari kitapenya na mpira utachanika ndani ya wiki. Ya kwangu imekaa miaka na bado inakamata.

Kuna watu wananiuliza kama wamwage maranda juu ya silingi ili joto lisitoke. Kuzuia joto yanazuia, ila ninawakataza. Juu kule kuna nyaya za umeme, nyingi zimeungwa ovyo, na maranda makavu yanashika moto upesi. Panya nao wanapapenda.

Mama Wawili, Makete

Asante fundi. Mimi nazungumzia kitanda, kwa sababu usiku ndiyo mrefu. Watu tunarundika mablanketi juu tukisahau chini. Godoro la sponji linalokaa moja kwa moja kwenye saruji linakuwa baridi mpaka mgongo unauma. Tandika maboksi ya karatasi yaliyofunguliwa, juu yake mkeka, ndipo godoro. Kisha blanketi moja lilalie, usijifunike yote. Maboksi naomba dukani, sinunui. Kila baada ya siku chache nayaegemeza juani, maana yanavuta unyevu.

Kupikia natumia jiko la maranda, jiko lenyewe debe kuukuu. Unatoboa tundu chini ubavuni, unasimamisha chupa katikati na kupenyeza mti kwenye lile tundu mpaka ukutane na chupa, halafu unashindilia maranda pande zote mpaka yakaze kabisa. Unachomoa chupa kwa kuizungusha taratibu, unachomoa na mti, unawasha kutokea chini. Likishindiliwa vizuri linawaka saa nyingi bila kuongezewa kitu. Moshi linao, hasa mwanzoni, ndiyo maana linakaa jiko la nje. Likishaivisha chakula naliachia sufuria ya maji. Maji yale najaza mpira wa maji ya moto nilioununua duka la dawa, nauvalisha soksi ndefu, nauweka miguuni pa mama mkwe robo saa kabla hajaingia kulala. Maji yasiwe yanachemka. Yaache yatulie kwanza, na kizibo ukikaze ukiwa umeinamisha mdomo chini uone kama kinavuja.

Muuguzi wa Zamu

Ndugu zangu, kabla hatujaendelea naomba hili lisomwe na kila anayepita hapa. Usilale na jiko la mkaa ndani. Kila msimu wa baridi watu wanakufa hivyo, Tanzania na Kenya, mara nyingi familia nzima. Nimeshawapokea. Anayebahatika ni yule aliyelala karibu na mlango.

Mkaa unapoungua mahali penye hewa finyu unatoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Inashika damu mahali pa oksijeni, mwili unakosa hewa huku mtu anahema kama kawaida. Watu wengi wananijibu, "Lakini sista, mkaa ulikuwa umeshaiva, hauna moshi." Moshi siyo kipimo. Mkaa mwekundu usio na moshi hata kidogo ndio unaowaua, kwa sababu ndio wanaouamini kuuingiza ndani.

Dalili zake: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea, usingizi mzito. Kama watu wawili au watatu chumba kimoja wanaumwa kichwa kwa pamoja na jiko lipo, toeni watu nje kwanza, mengine baadaye, kisha nendeni hospitali wawekewe oksijeni hata kama wanasema wamepata nafuu. Na hizo nyufa mnazoziba, ni kwa chumba kisicho na moto. Chumba kilichozibwa vizuri ndicho ambacho jiko linaua haraka zaidi.

Mkulima wa Kinangop

Sista umesema ukweli. Huku kwetu Nyandarua baridi ya Julai inachoma hata viazi shambani, na kila mwaka tunasikia hayo maneno ya jiko la makaa. Kwetu mzee aliweka sheria: makaa yanawashwa nje mpaka yashike, jiko linaingia sebuleni tukiwa macho wote, dirisha moja wazi, na chakula kikishaliwa jiko linatoka. Anayelitoa ndiye anayefunga mlango. Hakuna siku imevunjwa, hata tukiwa na wageni.

Kingine ni jua. Sebule yetu inatazama magharibi. Jua likitoka tunafungua mapazia yote upande huo mchana kutwa, ukuta na sakafu vinapata joto. Saa kumi na moja, kabla halijazama, mapazia yanafungwa, na yameshonewa blanketi kuukuu kwa nyuma. Ukisubiri giza liingie ndipo ufunge, umechelewa.

Kijana wa Uyole

Na hita ya umeme je? Dukani Mbeya naziona nyingi.

Mwana wa Njombe

Mdogo wangu, piga hesabu kabla hujanunua. Hita ya kawaida ni wati 2,000, yaani unit mbili kila saa. Ukiwasha saa nne kila jioni ni unit nane, kwa siku kumi ni unit 80. Kama LUKU yako (mita ya umeme wa kulipia kabla) ni ile ya matumizi madogo, kikomo chake ni unit 75 kwa mwezi mzima, na ukikizidi unahamia bei kubwa. Blanketi la umeme la wati 100 linakula unit moja kwa saa kumi. Ukitaka umeme, pasha kitanda, usipashe chumba.

Dada wa Reading, Uingereza

Nakubaliana na hilo la blanketi la umeme, huku ndilo lililoniokoa bei za nishati zilipopanda 2022. Mita yangu ni ya kulipia kabla, kwa hiyo naona hela inavyoondoka.

Kwa walioko huku: mpangilio wa boila yako, ule mtambo wa gesi unaochemsha maji ya kupasha nyumba, uangalie. Nyingi zinaachwa zikipeleka maji ya nyuzi 75 au 80 kwenye redieta, yale mabati ya ukutani yanayopasha chumba. Mimi nimeshusha hadi 60. Boila za kisasa zinaokoa gesi pale tu maji yanaporudi yakiwa yamepoa kiasi, vinginevyo mvuke wenye joto unatupwa nje. Nyumba inachukua muda zaidi kupata joto, ila bili imeshuka. Kama boila yako ina tangi la maji ya moto, muulize fundi kwanza, maana maji ya tangi lazima yawe ya moto wa kutosha kuua bakteria.

Pazia lisifunike redieta. Liishie juu yake, la sivyo unapasha dirisha. Na Waswahili wenzangu tunaoanika nguo ndani na kufunga kila kitu: ule weusi ukutani ni ukungu, watoto wanakohoa kwa sababu yake. Ninafungua madirisha dakika kumi asubuhi, kila siku, hata kukiwa na theluji. Hewa kavu inapashika kirahisi kuliko hewa yenye unyevu, na kuta hazipoi kwa dakika kumi. Shirika la Afya Duniani linashauri ndani pasipungue nyuzi 18. Kwa mtoto na mzee mimi sishuki hapo hata mwezi ukiwa mgumu.

Mkongomani wa Minnesota

Jambo kwenu wote. Mimi ni mtu wa Uvira, pale ziwani hatujui baridi. Nimekaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu huko Tanzania, halafu nikaletwa hapa ambapo Januari inafika chini ya sifuri nyuzi 20 na zaidi. Naandika kwa ajili ya familia zinazofika sasa, maana wengi wanaogopa kuuliza.

Jambo la kwanza ni haki zako. Minnesota ina kanuni ya majira ya baridi, inaanza tarehe 1 Oktoba mpaka 30 Aprili. Ukishindwa bili ya gesi au umeme wa kupasha nyumba, piga simu kampuni, omba mpango wa kulipa kidogokidogo kulingana na kipato, na ukiutimiza hawakukatii. Lakini lazima upige wewe. Ukikaa kimya na barua zikirundikana, kanuni haikukingi. Kuna pia msaada wa serikali wa bili za kupasha joto, na kuna mpango mwingine unaoleta mafundi bure kuziba nyumba na kujaza dari. Hata mpangaji anaweza kuomba.

Madirisha nayaziba kwa nailoni nyembamba inayouzwa na gundi yake ya utepe pembeni. Ukishaibandika unaipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele, inakaza mpaka haionekani. Hewa inayobaki katikati ndiyo inayozuia baridi. Usiku wa baridi kali ninaacha bomba linadondosha maji kidogo yasigande na kupasua mabomba. Na aliyosema sista yanahusu huku pia: tanuri la gesi la kupikia si hita. Sheria ya hapa inataka king'ora cha kaboni monoksidi karibu na vyumba vya kulala. Kikilia kwa sababu betri imeisha, badilisha betri, usikichomoe.

Mama Kijacho, Ludewa

Najifungua mwezi ujao. Chumba chetu hakina silingi na mume wangu anasema tununue jiko la mkaa la kuwekwa chumbani kwa ajili ya mtoto. Nifanyeje?

Muuguzi wa Zamu

Mdogo wangu, jiko hapana. Hela hiyo nunueni kitambaa kizito au nailoni, mfunge juu ya kitanda kutoka ukuta hadi ukuta kama silingi ya muda, mbali na taa. Mtoto akizaliwa mkaushe vizuri, mvike kofia na soksi, na mweke kifuani kwako ngozi kwa ngozi, nguo na khanga nzito juu yenu wote wawili. Ndivyo tunavyowatunza hata njiti wodini. Baba naye anaweza kumbeba hivyo wewe ukipumzika. Mpira wa maji ya moto pasha nao kitanda, kisha uondoe kabla ya kumlaza, usimguse ngozi. Kupima kama anasikia baridi usishike mikono, shika tumbo au mgongo. Ukikuta tumbo ni la baridi au anashindwa kunyonya, mweke kifuani hapohapo na mje kituoni, hata kama ni usiku.